Rangi Haikauki Boito

Gari lenyewe halikuwa limeibwa. Lilikuwa pale pale ndani ya garaji ya Orina, pua yake ndefu ikitazama barabara, limekalishwa juu ya magogo manne kama mgonjwa aliyetolewa nje apate hewa. Kilichokosekana ni milango. Miwili, wa dereva na wa abiria, na gari la namna hiyo halina mingine.

Sajini Nelvine Chepkurui alilizunguka mara mbili. Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi haijafika, na mvua ya jana bado ilikuwa inadondoka kutoka kwenye mabati.

"Umeona sasa," Kipkoech akasema. Kipkoech alikuwa na duka la dawa za mifugo hapo hapo Boito, na ndiye aliyefika kituoni jana jioni kushtaki, Orina akalala ndani. "Datsun ya baba. Iko kwetu tangu sijazaliwa. Nilimwambia, baba, hii gari usipatie huyu fundi, tupeleke Nakuru. Akakataa. Sasa ona."

"Kwa karatasi, gari ni la nani?"

"La mzee."

"Na mzee anasema nini?"

"Mzee hajui. Nimemficha. Ako na presha."

"Kufuli ilivunjwa?"

"Hakuna. Funguo ni moja na ilikuwa na Orina mpaka mlipomshika. Ndiyo maana nasema ni yeye mwenyewe ameuza. Jumamosi nilimsikia na haya masikio yangu, anaongea kwa simu: Jackton, milango miwili ya Datsun. Huyo Jackton ni yule wa vyuma kuukuu kule Mulot. Mimi si mjinga, Afande."

Chepkurui aliliandika hilo kwenye daftari. Alikwenda kwenye meza ya kazi. Orina alikuwa ametandika gazeti, na juu yake amepanga vitu kama mama anavyopanga vyombo siku ya wageni: mikono miwili ya kupandishia vioo, imeoshwa kwa mafuta ya taa mpaka inang'aa, vitasa, bawaba nne zilizopakwa grisi, mipira ya dirisha iliyokunjwa taratibu isije ikavunjika, na misumari ya kuzungusha ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo. Mwisho wa meza palikuwa na kitu kimefungwa kwa blanketi la mtoto. Akainua ncha ya blanketi. Vioo viwili vya madirisha, vimetenganishwa na kitambaa katikati visikwaruzane.

"Kipkoech, mtu akiiba ng'ombe ataacha ndama?"

"Sijaelewa."

"Mlango ni bati. Bati, fundi yeyote atalikunja. Lakini kioo cha gari hili utakipata wapi leo?"

"Hata Nairobi hakuna. Nilishauliza."

"Basi mwizi gani huyo anabeba bati na kuacha kioo?"

Kipkoech akakuna kichwa. Chepkurui alikuwa ameshainama anatazama sakafu. Ilikuwa ya udongo, na udongo wa Boito wiki hiyo ulikuwa unalowa hata ndani ya nyumba. Karibu na ukuta palikuwa na alama nane ndogo za mraba, kavu, nne hapa na nne pale.

"Hapa palisimama nini?"

"Farasi wa mbao. Wawili. Ndiyo alikuwa analaza milango juu yake."

"Na wao wameenda."

"Wameenda, ndiyo."

"Mwizi aliyebeba mgonjwa pamoja na kitanda," Chepkurui akasema, akafunga daftari. "Huyo alikuwa na mpango wa kumrudisha."

*

Orina alikuwa amekaa kituoni kwenye benchi la mahabusu, mtu wa miaka hamsini na kitu, vidole vyake vimeingia rangi mpaka kwenye kucha. Alitoka upande wa Keroka akiwa kijana, akafungua garaji Boito, na miaka ishirini na miwili ilikuwa imepita akinyoosha bodi za watu. Wenyeji walikuwa wanamwita kwa jina lake na nyumba zao wanamwachia funguo.

"Orina, milango iko wapi?"

"Iko salama, Afande."

"Salama wapi?"

"Nipe mpaka Jumamosi jioni. Nitaileta na mikono yangu."

"Sina Jumamosi. Kesho saa mbili gari la mahakama linaondoka hapa kwenda Bomet, na jina lako liko kwa karatasi. Ukishapanda lile gari kama mwizi, nani hapa Boito atakuletea gari lake tena?"

"Hakuna," Orina akasema polepole. "Hata mimi singejiletea."

"Umeuza?"

Mara hii alimtazama usoni, na alionekana ameumia. "Afande, ile milango ilikuja kwangu imeoza chini yote. Milango ya gari huozea chini, mahali jicho halifiki. Vitundu vya kutoa maji vilikuwa vimezibwa na udongo na majani ya chai ya miaka arobaini. Nimekata, nimeunga bati jipya, nimepiga msasa siku kumi na moja. Nani anauza kitu kama hicho?"

"Basi unamficha nani?"

Orina akatazama vidole vyake. Halafu akauliza, "Jana usiku mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha."

"Turubai la garaji lilikuwa limefungwa? Ule upande wa meza?"

Chepkurui akaandika: *Anaulizia vioo. Hajiulizii yeye mwenyewe. Jumamosi jioni. Kwa nini Jumamosi?* Akapiga mstari chini ya neno la mwisho.

*

Nyumba ya Mzee Weldon Kipkemoi ilikuwa chini ya barabara, imezungukwa na chai pande tatu, na upande wa nne ni ng'ombe. Mzee alikuwa amekaa barazani na blanketi magotini. Mkewe, Mama Kipkoech, alikuwa anamenya viazi.

"Chamgei, mzee," Chepkurui akasalimia.

"Chamgei mising. Keti, mwanangu. Umekuja kwa maneno ya milango."

"Nani amekuambia? Kipkoech alisema amekuficha."

"Boito nzima inajua, mimi ndiyo nisijue? Hata huyu ng'ombe anajua." Akacheka mpaka akakohoa. "Kipkoech anafikiri presha yangu ni redio, ataizima."

Chepkurui akapewa kikombe cha chai ya maziwa kabla hajaulizwa kama anataka. Akauliza gari lilifikaje pale, na mzee hakuhitaji kubembelezwa. Alilinunua mwaka wa themanini na moja kutoka kwa injinia mmoja mzungu wa mashamba ya chai aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa la manjano, manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Watu wa Boito walikuwa wakisikia mlio wake huko ng'ambo ya mto wanaweka maji ya chai motoni.

"Na madirisha?" Chepkurui akauliza. "Kwa nini umeamua kutengeneza sasa?"

Mzee akamtazama mkewe. Mkewe akaendelea na viazi.

"Kioo cha upande wake kiliteremka mwaka wa tisini na nne," mzee akasema, "hakikupanda tena. Na wewe unajua mvua yetu. Huyu mama amekwenda kanisa miaka mingi ndani ya gari la michezo, ameshika mwavuli."

"Mwavuli ndani ya gari," Mama Kipkoech akasema. "Watoto wa Sunday school walikuwa wananipigia saluti."

"Na bado hakunikataza kuendesha."

"Ningekukataza ungesikia?"

"Sasa miguu yangu inaisha," mzee akamwambia Chepkurui. "Nikasema kabla haijaisha kabisa, nimpeleke kanisa mara moja bega lake likiwa kavu. Ndiyo hayo tu. Orina ninamjua. Akisema siku kumi na moja za msasa, ni kumi na moja."

"Alikuambia anapeleka milango mahali?"

Mzee alifikiri. "Alikuja hapa wiki iliyopita. Aliniambia, mzee, bati nimemaliza, lakini rangi haikauki Boito. Ukipaka asubuhi, mchana unyevu unaingia, rangi inafanya ukungu kama maziwa yaliyoingia maji. Nikamwuliza, sasa? Akasema, usijali, nitaitafutia jua."

"Jua wiki hii liko wapi?"

"Mulot," mzee akasema bila kusita. "Kule jua halina kazi nyingine."

Mama Kipkoech akasukuma viazi kando. "Na wewe Sajini, kwa kuwa ni serikali, tusaidie. Karani wa kupima majani ya chai amekataa gunia langu jana. Ati limewahi kubeba mbolea. Miaka yote halikuwa na mbolea, jana ndiyo likawa nayo. Ati kiwandani kuna wakaguzi wa cheti, wameingia Jumanne bila kutangaza, na mpaka waondoke Jumamosi hakuna mtu kuleta kitu chenye harufu."

Chepkurui alikuwa ameshasimama kuaga, kikombe mkononi. Aliketi tena kidogo.

"Wakaguzi wanaondoka Jumamosi?"

"Jumamosi. Ndiyo nipeleke gunia langu lenye mbolea."

*

Gari la kituo lilikuwa linapeleka fomu hospitalini Longisa. Chepkurui alipanda nalo hadi hapo, halafu akachukua pikipiki mpaka Mulot. Kadiri walivyoteremka ndivyo mashamba ya chai yalivyoisha, yakaja ya mahindi, yakaja ya ngano, na hapo Mulot vumbi lilikuwa linapepea kama vile mvua ni kitu cha nchi nyingine. Malori ya ng'ombe yalikuwa yamepanga foleni yakielekea Narok.

Uwanja wa Jackton ulijaa mifupa ya magari. Jackton mwenyewe alikuwa mnene, mwenye kofia ya sufu kwenye lile joto lote, amekaa juu ya kiti cha basi kisicho na basi.

"Madam, karibu. Unatafuta injini ama mume?"

"Natafuta milango miwili ya Datsun."

Kofia ilisogea nyuma. "Hata wewe?"

"Nani mwingine?"

"Orina wa Boito. Anisumbue hivyo mwezi mzima halafu serikali nayo ije?"

"Alikuuzia?"

Jackton akacheka, akapiga goti. "Aniuzie? Madam, huyo mtu ni wa kununua tu. Na kununua kwenyewe ni kama kuoa. Ile reli ya kitambaa, ile kioo kinapitia kikipanda, nilimpatia ya pikapu. Akapima. Akasema imezidi nusu kidole. Nikamwambia kata. Akaniambia, Jackton, wewe ukizidi nusu kidole tukukate? Alirudi hapa mara tatu kwa sababu ya skrubu moja. Skrubu moja, madam. Nauli yake ingemnunulia mbuzi."

"Jumamosi aliongea na wewe kuhusu milango miwili."

"Aliongea. Niko na milango miwili ya Datsun nyingine, ile pale, imetoboka yote. Alitaka nipime tundu la kitasa alinganishe na yake. Nikamwambia tuma picha." Akachomoa simu mfukoni. "Akatuma Jumatatu. Si hii?"

Chepkurui akaichukua simu. Mlango mmoja ulikuwa umelazwa kwenye farasi wa mbao, wa manjano, unang'aa kama sahani iliyolambwa. Hapakuwa na ukungu hata kidogo kwenye rangi.

"Hapa si kwako," akasema.

"Kwangu? Kwangu kuna kivuli kama hicho? Na vumbi hili, upake rangi hapa? Itatoka kama mandazi yenye sukari. Orina hawezi kuleta rangi mbichi Mulot hata umlipe."

Chepkurui alikuza picha kwa vidole viwili. Nyuma ya mlango palikuwa na rundo la kuni. Kuni za nyumbani hukatwa vile mtu amejisikia siku hiyo, ndefu na fupi, za mkaratusi na za miti mingine. Hizi zote zilikuwa mkaratusi, zimepasuliwa, zimelingana urefu kama penseli dukani, na kwenye vichwa zimeandikwa namba kwa chokaa. Alizisogeza kando kwa kidole, akarudi kwenye mlango wenyewe. Juu ya ile manjano, pembeni, palikuwa na doa jekundu. Alifikiri ni rangi imechafuka. Akakuza tena. Halikuwa rangi. Ulikuwa ni mng'ao wa moto, mdomo mpana wa moto uliojionyesha kwenye bati kama uso kwenye maji.

"Jackton, wewe ungepikia kuni za mita moja?"

"Sina jiko la kuingia mita moja."

"Hata mimi," Chepkurui akasema. "Nitumie hiyo picha."

*

Alirudi Boito saa kumi kasoro, mvua ikiwa imeanza tena. Orina alikuwa amepewa sahani ya githeri, ameila nusu. Chepkurui akaketi upande wa pili wa meza, akaweka simu katikati, picha ikitazama upande wa Orina.

"Mzee Kipkemoi ameniambia ulikuwa unaitafutia jua. Nikaenda mpaka Mulot kutafuta jua. Jua lako halikuwa Mulot."

Orina akaisogeza simu kando.

"Kuni za mita moja, mkaratusi mtupu, na namba. Hapa kwetu kuna mnunuzi mmoja tu anayezikataa kuni zikizidi mita. Na moto mkubwa hivyo uko mahali pamoja. Tanuri la boila ya kiwanda cha chai cha Kaptolwa. Wakaguzi wako ndani tangu Jumanne, wanaondoka Jumamosi. Wewe unataka Jumamosi jioni. Niendelee?"

Orina alisukuma sahani. "Afande, usiandike hiyo."

"Sijashika kalamu. Ongea."

"Kuna mtu wa boila. Sagini." Alilitoa jina kama mtu anayetoa jino. "Tulikuja pamoja kutoka nyumbani, lori moja. Kule nyuma ya boila kuna banda la kuni. Pana joto na pamekauka usiku na mchana. Jumapili kiwanda hakisagi majani, moto unawekwa tu usilale. Nikamwambia, ndugu yangu, nina milango miwili na rangi haikauki. Akasema leta. Tukaipeleka na trekta la kuni. Nilipaka Jumapili. Nikawa na mpango wa kuitoa Jumanne ikiwa imekomaa. Jumanne asubuhi wakaguzi wakaingia. Walikuwa waje mwezi ujao."

"Na lango likafungwa."

"Hata jembe halitoki bila kuandikwa. Chai inanywa harufu, Afande. Weka kitunguu karibu na chai, kesho unakunywa kitunguu. Rangi ndiyo mbaya zaidi. Banda la kuni liko mbali na majani, lakini sheria haipimi umbali. Wakijua, Sagini ameenda. Ako na watoto watatu shuleni, na miaka kumi na minne kwa ile kazi hajawahi kuchelewa hata siku moja."

"Na wewe ukaona ni heri uitwe mwizi."

"Mimi niko na mikono. Nitaenda mahali pengine."

"Mikono bila jina, Orina? Nani atakupa hata toroli?"

Orina akaiteremsha mikono chini ya meza. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Nikienda pale langoni na gari la polisi," Chepkurui akasema, "Sagini ameisha. Nisipoenda, kesho saa mbili umeisha wewe. Na mimi ni polisi, siwezi kujua kitu nikajifanya sikijui."

"Najua. Ndiyo sikutaka ujue."

Chepkurui akasimama, akavaa sweta juu ya sare na kuifunga vifungo vyote. Zamu ya boila ilikuwa inabadilishana saa kumi na mbili. Angekwenda kwa miguu, amngoje huyo Sagini njiani kati ya chai na barabara, amwambie hali ilivyo, aache mwenyewe achague. Alifungua mlango wa kituo.

Mtu alikuwa anapanda kilima na mkokoteni. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa gamubuti na shati, hana koti wala ovaroli, na koti lake alikuwa amelifunika juu ya kile alichokuwa anasukuma. Alifika mpaka kwenye ngazi, akaweka jiwe chini ya gurudumu kabla hajasema kitu.

"Afande, habari ya jioni. Mimi ni Sagini. Nimeleta mali ya watu."

"Umeitoaje?"

"Kwa lango." Alikuwa anahema. "Dereva wa trekta ndiyo alinipata saa nane. Akaniambia, rafiki yako amelala ndani kwa sababu ya milango. Nikaenda ofisini. Meneja alikuwa na wakaguzi, wanaonja chai, vikombe vimepangwa hivi. Nikasema yote. Nikasema ni mimi."

"Mbele ya wakaguzi?"

"Ningengoja waondoke, ingekuwa Jumamosi. Nimesikia gari la mahakama ni kesho."

"Na meneja?"

"Aliniambia nirudishe ovaroli." Sagini alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Mkaguzi mmoja, mzee wa miwani, aliuliza ni milango ya gari gani. Nikamwambia. Akatoka kuiangalia. Akasema alikuwa na hiyo gari akiwa kijana. Lakini ovaroli nimerudisha."

Orina alikuwa ameshasimama nyuma ya Chepkurui, mlangoni, na askari wa zamu hakumzuia. Hakumsalimia Sagini. Aliteremka kwenye mvua, akainua koti, akapiga rangi kwa kifundo cha kidole, hapa, na hapa, na kwenye kona ya chini. Akainama akatazama vitundu vya maji. Akapitisha kucha kwenye ukingo wa dirisha.

"Umeibeba na mikono yenye jivu," akasema.

"Nimenawa."

"Hapa kuna jivu."

"Hilo ni lako la Jumapili."

"Nani alikuambia uende ofisini? Nilikuomba? Nilikuambia mpaka Jumamosi."

"Uliniambia kuhusu rangi. Hukuniambia kuhusu kulala ndani."

"Miaka kumi na minne, Sagini. Kwa bati."

"Si kwa bati," Sagini akasema.

Orina akafunika milango tena, akaifunika vizuri, akakaza koti pembeni ili maji yasiingie. Ilimchukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kipkoech alikuwa amevuka barabara kutoka dukani kwake na gunia tupu kichwani. Alisimama mbali kidogo. Chepkurui alimwita kwa kidole, akamwonyesha mkokoteni. Kipkoech akainua pembe ya koti. Manjano ilimtazama. Alitazama muda, akasogeza uso karibu, akajiona ndani yake.

"Mlalamishi ni wewe," Chepkurui akamwambia. "Milango imepatikana, na haikuuzwa, na haikuibwa. Ukiridhika, njoo utie sahihi."

Kipkoech akaingia, akatia sahihi bila kuketi. Alipotoka alisimama mbele ya Orina, akavua gunia kichwani.

"Turubai la garaji," akasema. "Ule upande wa vioo. Nililifunga saa sita."

"Asante."

"Na mzee asijue nilikuja polisi."

"Mzee anajua tangu asubuhi," Chepkurui akasema. "Hata ng'ombe anajua."

Kipkoech akashika mkono mmoja wa mkokoteni na kungoja. Lakini bado palikuwa na kazi moja. Kitabu hakifungwi bila maelezo ya mtu aliyeleta mali, basi Chepkurui akawaingiza Orina na Sagini ndani, akawasha taa, akachukua karatasi mpya. Sagini aliketi kwenye kona ya kiti, gamubuti zake zinatoa maji sakafuni, na Orina akasimama ukutani na mikono nyuma.

"Jina kamili."

"Peterson Sagini Nyabate."

"Umri."

"Arobaini na tisa."

"Unakaa wapi?"

"Nyumba za kiwanda, Kaptolwa." Akasita. "Mpaka mwisho wa mwezi, sasa."

"Kazi?"

Sagini akashika kifua cha shati, mahali pa ovaroli. Alitazama mikono yake juu ya magoti. Chepkurui alingoja na kalamu hewani, hakumharakisha.

"Andika fundi," Orina akasema kutoka ukutani. "Fundi wa milango. Garaji ya Orina, Boito."

Sagini akageuka. "Mimi sijui milango."

"Utajua. Kesho saa mbili tunapachika ule wa upande wa Mama Kipkoech, na mimi peke yangu siwezi kuushika na kukaza bawaba. Na kucha zako ukate."

Chepkurui akaandika.